Ulimi wa Mnandi

Kabla kuku wa kienyeji hajaingia chunguni, mfungue mdomo uutazame ulimi wake. Kijijini Chinongwe, mkoani Lindi, kuku huchinjwa akija mgeni, na kichwa chake hakina wa kukijali, ila labda paka. Lakini humo mdomoni mna kitu cha kutazama. Ulimi umechongoka mbele na kupanuka nyuma. Ukiugusa kwa chini, karibu na ncha, utakuta ugumu wa ukucha. Huo si ugonjwa, na anayeubandua akidhani anamtibu kuku anamharibia kifaa cha kulia. Umeumbwa kwa keratini, jamii ya kitu kinachofanya kucha zetu na unyoya wake. Kisha tazama nyuma, ulimi unapokaribia koo: kuna mstari wa vijimiiba vilivyoelekea ndani. Punje ya mtama ikishavuka hapo, kurudi ni shida.

Ladha je? Kuku anazo, ila haba. Vinasa ladha vyake ni mia chache tu, vya binadamu ni maelfu. Pilipili kichaa anayotiliwa kwenye maji kama dawa haimwashi kama inavyotuwasha sisi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kuwa kipokezi cha neva ambacho kwa mamalia huitikia ukali wa pilipili, kwa kuku hakiuitikii. Ndiyo sababu ndege wanakula pilipili shambani bila taabu na kuzisambaza mbegu zake.

Jambo kubwa zaidi limefichika ndani. Ulimi wetu ni nyama tupu; mfupa wake umebaki chini ya kidevu, juu kidogo ya koromeo. Wa ndege una mifupa inayoingia hadi ndani ya ulimi wenyewe, na nyuma yake pembe mbili nyembamba zinazozunguka kuelekea kisogoni. Kwa kigogota pembe hizo ni ndefu kiasi cha kulizunguka fuvu kutoka nyuma hadi juu ya kichwa, ndipo anapoweza kuutoa ulimi mbali na kuwafuata wadudu ndani ya mti. Ndege hana meno, na mikono yake imekuwa mabawa. Kilichobaki kushika, kusukuma, kugeuza na kupeleka chakula kooni ni mdomo na ulimi.

Ndege ni uzao wa dinosaria, na mkoa wa Lindi una haki ya pekee ya kulizungumzia jambo hili. Kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wenyeji wakiichimbua na kuibeba vichwani na mabegani hadi bandarini, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Walisafirisha zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji wenyeji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo watoto wetu wangepaswa kulijua kama wanavyoyajua ya wanasayansi wa Kijerumani Janensch na Hennig waliosifiwa kwa kazi hiyo. Mnyama mmoja aliyetokana na mifupa hiyo amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13.

Je, dinosaria waliweza kutoa ulimi nje kama wanavyochorwa katika filamu? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, pamoja na wenzao wa Chuo cha Sayansi cha China, walilinganisha mifupa ya ulimi ya ndege na mamba wa leo na ile ya visukuku. Walikuta kwamba dinosaria wengi walikuwa na mifupa mifupi na rahisi, kama ya mamba, ambaye ulimi wake umegandamana na sakafu ya mdomo. Mifupa mirefu na yenye sehemu nyingi ilikuwa kwa ndege na kwa watambaazi wenye mabawa walioruka enzi hizo, ingawa kundi moja la dinosaria wala majani nalo lilikuwa na mifupa iliyoendelea. Tendaguru imetoa mifupa ya watambaazi hao warukao pia, na mmoja alipewa jina la Tendaguripterus mwaka 1999. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda kuruka ndiko kulikouchochea ulimi: mikono ilipochukuliwa na mabawa, kazi yake ikaangukia mdomoni.

Maelezo hayo ninayapenda, lakini bahari inayatia doa. Mbona baadhi ya ndege wa baharini, warukaji hodari kuliko kuku kwa mbali, wanakaribia kutokuwa na ulimi kabisa?

Chukua mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki kisha akasimama juu ya kisiki ameanika mabawa. Mnandi mdogo anaonekana hata mbali na pwani, penye mto au bwawa. Jamaa yake mkubwa alichunguzwa na wataalamu wa Poland, waliochapisha matokeo yao mwaka 2006. Ndege huyo ni wa kimo cha bata bukini, na ulimi wake una urefu wa sentimita 1.4 tu. Umbo lake ni la uyoga, nao hauchezi. Hakuna uzembe hapo. Mnandi humkamata samaki kwa ncha ya mdomo yenye ndoano, humrusha kidogo hewani ili kichwa kitangulie na mapezi yasimchome, kisha humeza mzima. Samaki anateleza na ana uzito. Akielekezwa vyema anashuka mwenyewe. Ulimi mkubwa ungekuwa kizuizi njiani.

Hali ni hiyo kwa mwari, mwenye mfuko mkubwa chini ya mdomo na ulimi mdogo usiolingana nao hata kidogo. Vilevile kwa ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi, Sula dactylatra kwa jina la kitaalamu, wanaotaga Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini mashariki mwa Unguja, kilichoinuka mita chache tu juu ya maji. Hawa hujirusha baharini kutoka juu kwa kishindo. Hata tundu zao za pua za nje zimezibwa, wanapumua kwa pembe za mdomo.

Kwa hiyo si kuruka peke yake kunakouumba ulimi, bali namna chakula kinavyoshikwa na kufika kooni. Anayefukuza samaki mmoja mmoja na kumeza mzima anaweza kuupoteza. Anayelazimika kumshikilia samaki anayehangaika anaujaza miiba. Pengwini, ambaye jamaa yake mmoja anaishi pwani za Namibia na Afrika Kusini, ana ulimi na kaakaa vilivyojaa miiba migumu iliyoelekea nyuma. Ni mgono ule ule wa mtoni: kuingia rahisi, kutoka hakuna. Na huko kaskazini mwa Atlantiki kuna ndege mdogo aitwaye pafini, ambaye huwabana samaki aliokwisha kuwapata kati ya ulimi wenye miiba na kaakaa, mdomo ukabaki huru kukamata wengine.

Heroe amekwenda njia ya tatu. Ulimi wake ni mnene, wa nyama nyingi, umelala ndani ya mfereji wa mdomo, nao huenda nyuma na mbele haraka, mara kadhaa kwa sekunde, ukivuta maji ya magadi na kuyatoa kupitia vichujio vya pembeni. Mwani unabaki. Makundi makubwa ya heroe wadogo wa Ziwa Natron na maziwa ndugu yake yanaishi kwa ulimi huo. Matajiri wa Roma ya kale waliula kama kitoweo cha anasa.

Kumeza mzima huenda kuna gharama yake. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba pengwini wamepoteza jeni za kuonja utamu, uchungu na ule ukolezi wa nyama na samaki. Chumvi na uchachu ndizo zilizobaki. Ndege anayekula samaki maisha yake yote haonji ladha ya samaki! Mchuzi wa nguru wa tui tunaula sisi, yeye anakula ujazo. Ama chumvi inayomwingia pamoja na samaki, ulimi hauna la kufanya. Inatolewa na tezi zilizo juu ya macho, ikadondoka puani. Ndiyo asili ya ile michirizi ya maji inayoonekana mdomoni mwa shakwe.

Ukiteremka Lindi, maji yakitoka, tazama tope la mikokoni na kingo za mashamba ya chumvi. Wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia na kuchokoa, watu wengi wanadhani wanatafuta minyoo tu. Mwaka 2008 mtafiti Tomohiro Kuwae na wenzake walieleza kuhusu jamaa zao wa pwani ya magharibi ya Kanada, wenye vinywele kwenye ncha ya ulimi. Kwa vinywele hivyo wanaramba utando mwembamba wa vijidudu na mwani unaoota juu ya tope, na utando huo ulikuwa karibu nusu ya chakula chao. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kazi hiyo ni ya konokono na samaki wachache.

Baadhi ya wanaoshinda katika tope letu huzaliwa Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na hurudi huko kila mwaka kutaga. Mafuta ya safari hiyo wanayakusanya katika tope kama hili, na anayelifukia kwa kifusi anawanyima chakula ambacho macho yetu hayakioni.