Mkusanyaji Aliyetunza Kalenda

Kwa miaka kumi na minane ukuta wa sebule yangu hapa Nakuru ulipambwa kwa picha moja niliyoionea fahari kupita kiasi. Ilikuwa picha ya hekalu jekundu chini ya theluji, na mbele yake mwanamke mwenye mwavuli akipambana na upepo. Mchoraji wake ni Kawase Hasui, na hekalu lenyewe ni Zojoji la mjini Tokyo, kama alivyolionyesha katika chapa ya mbao ya mwaka 1925. Niliinunua mwaka 1985 katika kibanda cha vitabu vikuukuu, nikaitia fremu na kioo, na tangu hapo hakuna mgeni aliyetiliwa chai nyumbani kwangu kabla ya kusikia habari za Hasui.

Wakati uo huo, katika chumba cha walimu cha shule ya upili nilikofundisha Sanaa, palikuwa na karatasi nyingine ndogo, upana wa kiganja tu, yenye korongo mmoja kati ya matete. Niliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mmoja wa wale waliokuja kutufundishia hisabati na sayansi. Siku ya kuaga alinikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia kwamba imechongwa na kuchapwa na babake, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kuwa salamu za Mwaka Mpya kwa rafiki zake. Nilimshukuru sana. Kisha nikaibandika ukutani kwa utepe wa gundi, mkabala na dirisha, kati ya ratiba ya vipindi na orodha ya zamu.

Msomaji mwerevu yamkini keshang'amua mkasa huu unakoelekea.

Mwaka 2003 shule yetu iliondoa somo la Sanaa katika ratiba kwa kuwa wanafunzi walioliteua walikuwa wachache mno. Nilipokuwa nikifungasha vifaa nilikuta lenzi ya kukuzia, mali ya maabara ya biolojia, ambayo niliazima na kusahau kuirudisha. Nilikwenda nayo nyumbani, na jioni hiyo, kwa kukosa la kufanya, nikaielekeza kwenye theluji ya Hasui. Sikuona theluji. Niliona vitone: vya samawati, vya manjano, vya waridi na vyeusi, vimepangana kama magamba ya samaki. Hekalu langu lilikuwa ukurasa wa kalenda, uliokatwa tarehe zake kwa wembe na mtu mwenye mkono mtulivu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumtazama korongo kwa lenzi ile ile. Rangi yake ilikuwa tambarare, imezama ndani ya nyuzi za karatasi. Nilipoibandua nikaona kwa nyuma mikwaruzo ya duara iliyoachwa na mkono uliosugua. Ilikuwa chapa halisi. Lakini jua la miaka mingi lilikuwa limemla korongo nusu, na gundi ilikuwa imeacha mabaka manne ya kahawia pembeni ambayo hayajatoka hadi leo.

Kwa mintarafu ya wanaosoma makala haya darasani, hebu nieleze kazi hii inavyofanywa, maana pasipo kuijua hakuna ukusanyaji. Mchoraji huchora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao, aghalabu wa mcheri, na kuchonga hadi ibakie mistari pekee iliyoinuka. Baadaye huchongwa mbao nyingine za rangi, kila rangi na sehemu yake. Mchapaji hupaka rangi ya maji kwa brashi, hulaza karatasi iliyonyevushwa, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, kisha huisugua mgongoni kwa kisugulio cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Alama mbili ndogo kwenye ukingo wa ubao huiweka karatasi mahali pamoja kila mara. Ikipotoka kwa unene wa ukucha tu, mwanamke wa mwavuli atapata uso kando ya kichwa chake.

Katika Japani ya karne ya ishirini kazi hii iligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilidumisha ushirika wa zamani: mchoraji, mchongaji, mchapaji, na juu yao mchapishaji mwenye mtaji. Mchapishaji mashuhuri kati yao alikuwa Watanabe Shozaburo, na Hasui alikuwa mchoraji wake. Tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923 na moto uliofuata viliteketeza duka la Watanabe pamoja na mbao zake, na Hasui akapoteza madaftari yake ya michoro. Ndiyo sababu chapa za kabla ya mwaka huo husakwa sana na wakusanyaji. Nyingi za Hasui ziliendelea kuchapwa hata baada ya kifo chake mwaka 1957, na mjuzi huzitofautisha kwa mihuri ya mchapishaji iliyo pembeni. Mimi, wakati wote huo, sikuwahi kujiuliza mbona yangu haina muhuri wowote.

Yoshida Hiroshi alianza na Watanabe, kisha akajitenga ili awasimamie mwenyewe wachongaji na wachapaji wake. Chapa alizozisimamia zina muhuri mdogo pembeni wenye maana ya kujichapia. Mwaka 1926 alitoa mfululizo wa mashua za matanga ambao ningependa kila mwalimu wa Sanaa auone: mbao ni zile zile, mashua ni zile zile, ila amebadilisha rangi na kupata asubuhi, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Anayekaa ukingoni mwa Menengai kutwa nzima akilitazama Ziwa Nakuru ataelewa mara moja alichokusudia. Vyaelea vimeundwa, nasi huona tu vinavyoelea.

Njia ya pili ndiyo iliyomzaa korongo wangu. Mwaka 1904 kijana aitwaye Yamamoto Kanae alichapa picha ndogo ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuichapa peke yake. Kutokana na jambo hilo, dogo kwa kulitazama, likakua vuguvugu zima la wasanii waliokataa kumwachia mwingine patasi. Mmoja wao, Munakata Shiko, alitwaa tuzo kuu ya chapa katika maonyesho ya Venice ya mwaka 1956. Yamamoto hakukomea kwenye chapa. Akirejea nyumbani kutoka Ufaransa alipitia Urusi, akavutiwa na sanaa ya watoto na ya wakulima aliyoiona huko. Mwaka 1919, katika mkoa wa Nagano, aliandaa maonyesho ya michoro ya watoto wa shule, akipinga desturi ya kuwalazimisha wanafunzi kunakili vielelezo vya vitabu. Mtoto achore alichokiona kwa macho yake, ndivyo alivyoshikilia. Katika shule za Japani kuchonga na kuchapa ni jambo la kawaida, na watu wasio wasanii kabisa huchonga kadi zao za Mwaka Mpya. Babake yule mwalimu mwenzetu alikuwa miongoni mwao.

Nikirudi kwetu, mkusanyaji mkubwa kupita wote ambao Kenya imepata kuwa nao ni mzaliwa wa Bonde la Ufa. Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Kigeni, kisha Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966, akajiuzulu. Kumbukumbu yake iliyodumu, hata hivyo, si ya siasa. Alikusanya vinyago, vitambaa, stempu, fedha za mapambo, na maelfu ya vitabu adimu kuhusu Afrika, na mwaka 1972 akaanzisha pamoja na Alan Donovan jumba la sanaa la African Heritage. Alifariki mwaka 1990. Vitabu vyake na sehemu ya sanaa yake vimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Nairobi, na mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kuvitazama. Nyumba yake ya Muthaiga, iliyotazamiwa kuwa makao ya mkusanyo ule, haikudumu.

Mwaka huo huo wa 1911 alizaliwa Tokyo mtoto wa Yoshida Hiroshi, Toshi. Mguu wake mmoja ulipooza utotoni, na kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake alizoea kukaa na kutazama wanyama. Babake alipofariki mwaka 1950 alizama katika michoro isiyo na umbo la kitu chochote, lakini baadaye akarejea kwa wanyama, na Afrika ndiyo iliyompa simba, ndovu na vifaru wa uzeeni mwake. Vitabu vyake vya watoto vilitokea kwa Kiingereza karibu na mwaka 1990: Young Lions, Elephant Crossing, Rhinoceros Mother. Niliwahi kukishika kimoja. Nyasi za savana zilikuwa nyasi zetu hasa, zile za kiangazi. Nilifurahi, na wala sikatai kwamba nilisikia uchungu kidogo pia. Wanyama wetu walifika Tokyo wakachorwa kwa subira ya kiwango hicho, ilhali katika miaka yangu yote ya kufundisha sikumhifadhia mwanafunzi hata mmoja chapa yake.

Sisemi kwamba hawakuchapa. Walichapa sana. Mbao zilikuwa ghali, kwa hiyo tulichonga viazi, mabua ya migomba, na hasa soli za ndara kuukuu za mpira, ambazo hupokea wembe vizuri ajabu. Wino tuliuomba kwa karani wa mashine ya kurudufia mitihani, na kisugulio kilikuwa mgongo wa kijiko. Kutokana na umaskini huo zilitoka picha za Menengai, za matatu, za akina mama sokoni, na heroe wengi mno, ndege wale wa waridi wa ziwa letu. Kila mwisho wa mwaka, makabati yalipojaa, niliamuru zitolewe nje zichomwe.

Nyumbani, wakati huo, niliilinda kalenda kwa kioo.

Bei za chapa mashuhuri za Kijapani sizo za mshahara wa mwalimu, na simshauri mtu yeyote azikimbilie. Lakini mtaala wa umilisi umeirejesha sanaa mikononi mwa watoto wetu. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa mwaka 1980, ni Mkenya ambaye kazi zake za awali za kuchonga na kuchapa mbao zimetazamwa kwa heshima nje na ndani ya nchi. Kwa nini kila shule isitenge droo moja tu? Karatasi ilale chali, isikunjwe, isibandikwe kwa utepe, isiwekwe mkabala na dirisha. Jina la mwanafunzi na mwaka viandikwe nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Jina la Nakuru lenyewe hunasibishwa na neno la Kimaasai la vumbi, na atakayehifadhi karatasi hapa hana budi kuifunika. Mchwa sina haja ya kuwataja.

Mwezi uliopita nilimwita seremala anitengenezee kabati la droo pana zenye kina cha vidole vitatu tu. Alipofika nikamtambua: nilimfundisha kidato cha tatu mwaka 1992. Alipima ukuta, akaniuliza, "Mwalimu, droo fupi hivi utaweka nini ndani?" Nikamwonyesha korongo. Alimtazama kwa muda mrefu, akaigeuza karatasi, akaipitisha kidole penye ile mikwaruzo ya duara bila kuambiwa.

"Mimi ile yangu ya heroe bado ninayo," akasema.

Kesho yake aliileta, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti chake cha KCSE. Heroe watano, wa sita amekatika shingo pale wembe ulipoteleza. Wino wa mtihani bado mweusi tititi. Nikamwuliza aliipataje, kwani nilikumbuka vyema kabati la mwaka ule.

"Ulituambia tuzichome, Mwalimu. Hii niliificha ndani ya shati."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniuzie, nikataja kiasi ambacho kwangu si kidogo. Alicheka kwa adabu, akakataa. Nikamwomba aniazime japo niipige picha, hilo alilikubali. Kisha akanieleza kwamba ile soli ya ndara aliyoichonga iko kwa mamake Rongai, juu ya dari, iwapo panya hawajaila. Tumepatana kwenda Jumamosi. Wino nimeshanunua, na kijiko kipo.