Nani Anaingiza Programu Ndani ya Simu Yetu?

Siku moja ya Posho mama mumoja wa kanisa letu alikuja kwangu pamoja na kijana wake wa miaka 14. Mama alikuwa na kasirani. Bwana yake anatumika ku mine, anashinda kule majuma mawili mbele ya kurudia nyumbani, na kila juma anawatumia inite. Inite hizo zilikuwa zinapotea. Anaingiza asubui, magaribi hakuna kitu. Tena simu ilijaa vitu asivyojua: muchezo wa kamari, programu ya kusafisha batri, ingine ya taa.

«Pasta, huyu mutoto njo anakulaka mega zetu,» akasema.

Kijana akalia, akaapa kwamba si yeye. Na mimi, bila kuangalia ile simu hata dakika moja, nilimupa mafundisho ya nusu saa juu ya wizi na uongo.

Nilikosea. Nitakuelezea namna gani, kwa sababu nafikiri ugomvi wa namna hii unajulikana hata kwenu.

Programu, ao aplikasio vile vijana wanasema, haizaliwi ndani ya simu. Kuna mulango ilipopitia. Ukifuta programu bila kutafuta mulango, kesho inarudi na ndugu zake. Simu zetu nyingi ni za Android, basi nitasema zaidi juu ya hizo.

Mulango mukubwa ni mafaili yanayopita kutoka simu moja mpaka ingine. Ku kambi na ku cité vijana hawapendi kupoteza mega kwa Play Store. Wanapeana programu kwa Bluetooth ao kwa Xender, ao wanalipa kijana wa kibanda awawekee filme na programu pamoja. Ninafahamu, mega ni bei kali. Lakini ili simu ikubali faili ya namna hiyo inaomba ruhusa, na ukisema ndiyo mara moja tu, mulango unabaki wazi. Ku simu za zamani, mbele ya Android 8 iliyotoka mwaka 2017, kulikuwa kifungo kimoja kwa simu yote. Tangu pale, ruhusa inapewa kwa kila programu peke yake. Xender inaweza kuwa nayo, Chrome nayo, WhatsApp nayo. Unafunga moja, unasahau ingine. Ingia ndani ya «Paramètres», tafuta maneno yanayofanana na «applications inconnues», na uzime ruhusa kwa kila jina utakaloona pale.

Ku simu ya yule mama, mulango huo ulikuwa wazi kabisa, na kilichopita ndani kilikuwa WhatsApp isiyo ya kweli, moja ya zile zinazoonyesha ujumbe uliofutwa. Hizo zina hatari inayojulikana. Mwaka 2021 kampuni ya usalama Kaspersky ilikuta kirusi kinachoitwa Triada ndani ya moja ya hizo, FMWhatsApp. Triada inaleta programu zingine kwa siri, inafungua matangazo, na inaweza kuandikisha simu yako kwa huduma za kulipa bila wewe kujua. Hivi njo inite zinaisha wakati simu inalala juu ya meza.

Na nani aliiweka? Si kijana. Ni baba mwenyewe! Aliipata kwa mwenzake wa kazi, akaituma nyumbani, juu alipenda kusoma ujumbe ambao watu wanafuta. (Sikumuuliza ujumbe wa nani.)

Lakini kuna wakati ambapo hakuna mutu wa nyumba aliyegusa kitu. Mwaka 2020 watafiti wa Secure-D walitangaza kwamba walikuta Triada na ingine inayoitwa xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zaidi ya 53,000, ku Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni, Ghana na kwingine. Watu walinunua simu mupya na mwizi alikuwa tayari ndani. Kampuni inayotengeneza Tecno ilisema kosa lilitoka kwa mumoja wa wale walioleta vitu vya kutengeneza simu. Sisemi Tecno zote ni mbaya. Mimi mwenyewe niko nayo. Ubaya wa xHelper ni kwamba hata ukifuta simu yote inaweza kurudi. Simu ya namna hiyo inaomba fundi anayejua kuweka sistemu mupya. Kama hayuko, usiweke feza yako ndani yake.

Mulango mwingine watu hawaufikirii: adresi ya Google. Unanunua simu, muuzaji anakufungulia adresi, anachagua neno la siri, anakwambia «tayari, mama». Neno hilo anabaki nalo. Mutu aliye na adresi yako na neno lako la siri anaweza kutuma programu ku simu yako kutoka ku mashini yake. Badilisha neno hilo leo. Ku iPhone, ambapo mulango wa mafaili ni mugumu zaidi, watu wa nyumba moja wanatumia adresi moja ya Apple, na muchezo wa mutoto unatokea ku simu ya mama. Ndani ya «App Store» ya Paramètres zima programu kujipakua zenyewe.

Namna ya kusafisha? Zima kwanza mega. Angalia ndani ya Paramètres programu gani imekula mega nyingi. Mara nyingi mukosaji ni yule usiyemujua jina. Tangazo likiruka juu ya kioo, bonyeza kifungo cha kuonyesha programu zilizofunguliwa, utaona alama ya mwenye kulituma. Kama simu inakataa kuifuta, ujue imejipa cheo: tafuta «applications d'administration», iondolee ruhusa, kisha ifute. Ikijificha, ku simu nyingi unabonyeza kwa muda neno «Éteindre» mpaka simu inakuuliza juu ya «mode sans échec». Pale programu za inje hazitembei, na unaweza kufuta kwa utulivu. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako, uache Play Protect iangalie simu. Zile programu za kampuni zisizokubali kufutwa, bonyeza «Désactiver».

Na programu ya taa ikikuomba ruhusa ya «Accessibilité», kataa. Kwa ruhusa ile inaweza kusoma kioo chako na kubonyeza vifungo mahali pako, na ku simu hiyo hiyo njo feza ya bwana yako inafikia.

Juma lililofuata nilienda kwao. Tulifuta programu saba, mimi na kijana, yeye akifanya, mimi nikishika miwani. Nilimuomba musamaha mbele ya mama yake, na mama pia akamuomba. Alikubali. Lakini tangu siku ile, kila Yenga akinikuta na simu mukononi ku mulango wa kanisa, ananiuliza kwanza: «Pasta, umeangalia?»