Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Yenyewe

Joto la Desemba likianza kubana Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ombi linalomfikia fundi wa AC ni lile lile: "Njoo unijazie gesi." Watu wengi hulipia gesi ambayo haikuwa imepungua.

Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa. Kwenye mashine ya ndani inanyonya joto la chumba na kugeuka mvuke. Kompresa inaukandamiza mvuke huo. Mashine ya nje inalitoa lile joto, na mvuke unarudi kuwa kimiminika. Safari hiyo yaweza kuendelea miaka mingi bila kuongezwa chochote. Gesi ikipungua, imevuja, na kujaza bila kuziba tundu ni kuitupa hewani.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, shika rimoti. Alama ya theluji ni kupoza, tone la maji ni kupunguza unyevu, jua ni kupasha joto. Mtoto akibonyeza jua, chumba hakitapoa hata ukijaza mtungi mzima.

Kisha vichujio. Zima umeme, inua mfuniko wa mashine ya ndani, vichomoe, vioshe kwa maji, vikauke kivulini. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inahitaji kazi hii kila wiki mbili. Kichujio kikiziba, hewa ya chumba haifiki vizuri kwenye koili. Koili inashuka chini ya nyuzi sifuri na unyevu unaganda juu yake. Barafu ile haina maana kwamba mashine inapoza sana. Inaziba njia ya hewa, chumba kinazidi kuwa moto. Zima upozaji, acha feni pekee iendelee hadi barafu iyeyuke, wala usiikwangue kwa kisu, maana koili hutoboka upesi. Ikiwa vichujio ni safi na barafu inarudi, hapo sasa gesi ishukiwe.

Maji yanayodondoka nje ni dalili njema: ni unyevu wa hewa ya pwani uliokamatwa. Yakichuruzika ukutani ndani ya chumba, mara nyingi mrija wa kutolea maji umeziba kwa ute na vumbi, au mashine ilifungwa ikiinamia upande usio na mrija.

Mashine ya nje husahaulika, na ndiyo inayoumia zaidi kwetu. Upepo wa bahari huleta chumvi inayokula mapezi ya alumini. Umeme ukiwa umezimwa, yamwagie maji safi kwa upole; mkondo mkali huyakunja. Pia usiifungie kwenye kona isiyo na hewa, maana itavuta tena joto lililotoka kwake.

Umeme ukiwa mdogo na taa zinafifia, zima AC. Kompresa ikikosa volti za kutosha huvuta ampea nyingi na kuungua, na kompresa ni ghali kuliko kitu kingine chochote humo. Umeme ukirudi, subiri walau dakika 3. Feni ya nje ikinguruma bila kuzunguka, shuku kapasita, lakini usiiguse: inashika chaji hata baada ya umeme kuzimwa.

Gesi ikithibitika imevuja, simama karibu na fundi. Atafute tundu kwanza, azibe, apime mabomba kwa naitrojeni, atoe hewa kwa pampu ya vakyumu, ndipo apime gesi kwa mizani. Aina yake imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, wala aina tofauti hazichanganywi. R22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. R410A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana marekebisho ya itifaki hiyo yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanaibana. R32 ina madhara madogo kuliko hiyo, ila inaweza kushika moto. Fundi anayetaka kuchomelea bomba la R32 kabla hajaitoa gesi yote na kufungua madirisha, mzuie.