Nyama mbichi kwa mtoto wa mbwa: Nafuu ya buchani yaweza kuligharimu zizi

MFUGAJI anayenunua mtoto wa mbwa wa ulinzi mara nyingi hukabidhiwa vitu viwili: mbwa mwenyewe, na maelekezo ya kumlisha chakula kikavu cha kiwandani, kile cha punje ngumu kinachouzwa kwa mfuko au kupimwa kwa kilo katika maduka ya pembejeo za mifugo. Haupiti muda mrefu kabla hajaanza kupiga hesabu. Mfuko unakwisha haraka, mbwa anakua na ulaji wake unakua, na bucha iko hatua chache kutoka nyumbani ikiwa na utumbo, mapupu, shingo za kuku na mifupa kwa bei ya chini. Punje zinaachwa, mbwa anahamia kwenye nyama mbichi.

Uamuzi huo si lazima uwe mbaya. Mbwa ana meno na tumbo la kumudu nyama. Lakini kwa mwenye mbuzi, kondoo au ng'ombe, na watoto wanaocheza uani, faida au hasara haitokani na bei ya kilo peke yake. Inatokana na mahali nyama ilikotoka, kama ilikaguliwa, na jinsi ilivyoandaliwa kabla ya kufika kwenye bakuli la mbwa.

Wazo lilikoanzia

Chakula cha mbwa cha kiwandani si cha zamani sana. Biskuti za mbwa zilianza kuuzwa London karibu mwaka 1860 na Mmarekani aliyeitwa James Spratt. Punje za aina inayojulikana leo, zinazopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ziliingia sokoni Marekani katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo mbwa alikula alichokula binadamu, pamoja na masalia ya machinjioni.

Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kilichowahimiza wafugaji kurudi kwenye nyama na mifupa mibichi. Wazo hilo likapata wafuasi wengi Ulaya na Marekani. Si wataalamu wote waliokubaliana nalo. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo wa kutounga mkono kulisha mbwa na paka nyama ambayo haikupikwa, kwa sababu ya vimelea vinavyoweza kumdhuru mnyama na watu anaoishi nao.

Ipo tofauti kubwa ambayo mfugaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuizingatia. Katika nchi hizo nyama mbichi ya mbwa mara nyingi huuzwa ikiwa imegandishwa, na hutoka kwa mnyama aliyekaguliwa. Hapa kwetu nyama ya mbwa mara nyingi ni kile kilichotupwa nyuma ya machinjio, au kilichobaki baada ya mbuzi kuchinjwa nyumbani kwa sherehe bila mkaguzi kuitwa.

Kilo ya punje si kilo ya nyama

Kosa la kwanza ni la hesabu. Punje kavu zina maji kama asilimia 10 tu, ilhali nyama mbichi ina maji kati ya asilimia 65 na 75. Anayelinganisha bei ya kilo moja ya punje na ya kilo moja ya utumbo analinganisha chakula na chakula kilichochanganywa na ndoo ya maji.

Mathalani, mtoto wa mbwa mwenye uzito wa kilo 6 anayetosheka kwa gramu 250 za punje kwa siku, anaweza kuhitaji kati ya gramu 500 na 800 za nyama, kutegemea kiasi cha mafuta. Kwa maneno mengine, kilo moja ya punje huchukua nafasi ya kilo 2 hadi 3 za nyama mbichi. Ikiwa bei ya punje ni mara mbili tu ya bei ya utumbo, hakuna nafuu yoyote. Ikiwa ni mara nne au tano, nafuu ipo, lakini bado haijatolewa gharama ya jokofu, umeme, dawa ya minyoo na nyongeza ya madini.

Mifupa inayokua inadai kalsiamu

Kosa la pili ni kudhani kwamba nyama peke yake inatosha. Nyama ya mnofu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na isizidi mara mbili yake. Akilishwa mnofu au maini kwa wiki kadhaa bila mfupa wala nyongeza, mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Matokeo ni miguu kupinda, kuchechemea, na mifupa kuvunjika kwa mruko mdogo tu. Mmiliki hubaki akishangaa, kwa kuwa mbwa wake anakula nyama kila siku.

Kuzidisha nako kuna madhara, hasa kwa mbwa wa mbegu kubwa kama German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Kalsiamu nyingi mno huharibu ukuaji wa mifupa na viungo. Ndiyo maana kiasi kinapaswa kupimwa na daktari wa mifugo kulingana na umri na uzito. Vyanzo rahisi vipo: dagaa wakavu wanaoliwa na miiba yao, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yakawa unga. Ganda moja la yai la kuku lina takribani gramu 2 za kalsiamu.

Maini yasizidi sehemu moja kati ya ishirini ya mlo, kwa kuwa yana vitamini A nyingi. Mfupa uliopikwa asipewe kabisa, maana hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Mfupa mgumu wa paja la ng'ombe nao huvunja meno.

Tegu: hasara inayorudi zizini

Hatari kubwa zaidi kwa mfugaji ni minyoo aina ya tegu. Mbuzi au kondoo aliyechinjwa anaweza kuwa na vifuko vya maji kwenye mapafu, maini au ubongo. Ndani ya vifuko hivyo mna tegu wachanga. Mbwa akila viungo hivyo vikiwa vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, na baada ya wiki sita hivi huanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai huanguka malishoni, mifugo huyala pamoja na majani, na mzunguko unaanza upya.

Aina moja ya tegu hao hushambulia ubongo wa mbuzi na kondoo. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka palepale, hupoteza uwezo wa kuona na mwisho hufa. Mfugaji anayetupa kichwa cha mnyama wa namna hiyo kwa mbwa wake anapanda ugonjwa uleule kwa kundi lililobaki.

Aina nyingine, ambayo mnyoo wake una urefu wa milimita chache tu, husababisha uvimbe wa maji unaoitwa hidatidi. Huu humpata binadamu pia, hasa mtoto anayemshika mbwa kisha akala bila kunawa. Uvimbe hukua polepole kwenye ini au mapafu, pengine kwa miaka mingi bila dalili, na mara nyingi tiba yake huhitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imewahi kurekodiwa kuwa na maambukizi makubwa kuliko karibu sehemu zote duniani, na kuanzia miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha huko mpango wa kuudhibiti. Nchini Tanzania uvimbe huo umeonekana katika mifugo inayochinjwa Arusha.

Kwa mchuuzi wa nyama hasara ni ya moja kwa moja, kwa kuwa maini na mapafu yenye uvimbe hukataliwa na mkaguzi. Kinachofaa ni kuyachoma moto au kuyafukia kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. New Zealand ilitunga sheria ya kupambana na hidatidi mwaka 1959, mbwa wakawa wanapewa dawa na kuzuiwa kula viungo vibichi vya ndani, na mwaka 2002 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imeuondoa.

Njia za kumkinga ni tatu. Ya kwanza ni kuchemsha: maini na mapafu yakichemka kwa dakika 30, tegu wachanga hufa. Ya pili ni kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 10 au zaidi, jambo gumu pale umeme unapokatika mara kwa mara. Hata hivyo, kugandisha hakuui bakteria kama salmonela. Ya tatu ni dawa yenye prazikwanteli, ambayo binadamu huitumia kutibu kichocho. Shirika la Afya Duniani hushauri mbwa wapewe dawa hiyo angalau mara nne kwa mwaka, na mbwa anayeishi karibu na machinjio hufaa kupewa kila baada ya wiki sita. Dawa nyingi za minyoo ya kawaida hazimalizi tegu hawa, hivyo mnunuzi asome lebo kabla ya kulipa.

Siku 10 za kubadili

Kwa aliyekwisha kupima yote na kuamua kubadili, tumbo la mtoto wa mbwa lisishtuliwe. Siku ya kwanza hadi ya tatu apewe robo tatu ya punje na robo ya chakula kipya. Siku ya nne hadi ya sita iwe nusu kwa nusu. Siku ya saba hadi ya tisa punje zibaki robo, na siku ya 10 aingie chakula kipya kitupu. Mbwa wa chini ya miezi minne ale mara nne kwa siku, kisha mara tatu hadi afikishe miezi sita.

Aanzishwe aina moja ya nyama kwanza, ili likitokea tatizo ijulikane chanzo chake. Kilichobaki baada ya nusu saa kitupwe. Bakuli lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na kisu cha nyama ya mbwa kisirudi jikoni. Nyama ya kibudu, kuku waliokufa kwa ugonjwa na mnyama aliyekufa ghafla visitumike kabisa.

Kinyesi kulegea kidogo ni jambo la kawaida wakati wa kubadili. Lakini mtoto wa mbwa anayetapika, kukataa chakula na kuharisha damu asingojewe azoee nyama. Hizo ni dalili za pavo, ugonjwa wa virusi unaoweza kumuua kwa siku chache. Chanjo yake huanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, na hurudiwa hadi afikishe wiki 16. Asiyekamilisha chanjo hizo asibadilishiwe chakula kwanza.

Mwenye bucha asilale

Kwa wafugaji wengi njia ya katikati ndiyo yenye hesabu nzuri: nyama iliyokaguliwa, iliyochemshwa pasipo chumvi wala vitunguu, ikachanganywa na ugali au wali, mboga kidogo na dagaa. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, hivyo mabaki ya mchuzi wa nyumbani si chakula salama kwake.

Hapo ndipo penye nafasi kwa mwenye bucha. Utumbo na mapupu yenye muhuri wa mkaguzi, yakisafishwa, kuchemshwa na kufungwa kwa vipimo vya nusu kilo, ni bidhaa ambayo mwenye mbwa wa ulinzi yuko tayari kuilipia zaidi ya masalia ya ndoo. Anayezalisha watoto wa mbwa naye anaweza kumfungia mnunuzi chakula cha siku 10 alichozoea mbwa, pamoja na kadi ya chanjo na tarehe ya dawa ya minyoo inayofuata. Gharama yake ni ndogo, na humwepushia lawama za mteja ambaye mbwa wake ameharisha siku ya pili baada ya mauzo.