Fedha na Dhahabu katika Chembe Moja: Usanisi wa Kikemia wa Nanochembe za Metali Mbili na Tatizo la Kloridi

Nanochembe za metali mbili ni chembe zenye kipenyo cha kati ya nanometa 1 na 100, ambazo kila moja hubeba metali za aina mbili. Pale ambapo fedha ndiyo metali ya msingi, dhahabu huongezwa mara nyingi ili kuipa uthabiti, kwa kuwa fedha peke yake huoksidika kwa urahisi. Hoja kuu katika usanisi si kuwamo kwa metali zote mbili katika chupa, bali kuwamo kwake katika chembe ileile, na kwa mpangilio unaojulikana.

Mipangilio mikuu ni miwili: aloi, ambamo atomi zimechanganyika, na kiini kilichofunikwa kwa ganda. Aloi hupatikana kwa kuchemsha pamoja nitrati ya fedha, asidi ya kloroauriki na sitrati ya sodiamu. Sitrati huzipa ioni elektroni na pia huzuia chembe kushikamana. Dhahabu ikiongezwa baadaye juu ya chembe za fedha zilizokwisha kuundwa, hutokea badiliko jingine. Uwezo sanifu wa dhahabu katika asidi hiyo ni takriban volti 1.00, ilhali wa fedha ni volti 0.80, hivyo dhahabu hunyang'anya fedha elektroni. Kila atomi moja ya dhahabu inayotua huondoa atomi tatu za fedha, na chembe huweza kubaki na uwazi ndani.

Kikwazo kikubwa ni kloridi. Kila ioni ya kloroaurati hubeba kloridi nne. Ikiwa chumvi zote mbili zina ukolezi wa milimoli 0.25 kwa lita, kloridi yote ikiachiwa hufikia milimoli 1.0. Zao la ukolezi wa fedha na kloridi huwa 2.5 × 10⁻⁷, takriban mara 1,400 ya kikomo cha umumunyifu cha 1.8 × 10⁻¹⁰ katika nyuzi 25 za Selsiasi. Hivyo sehemu ya fedha huweza kuishia katika mashapo meupe. Uwiano wa chumvi zilizopimwa kwa mizani, basi, hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio uwiano wa metali katika chembe. Myeyusho hafifu na joto la kuchemka hupunguza tatizo hili. Amonia nayo huyeyusha mashapo yaliyokwisha kujitenga.

Uthibitisho wa awali hutokana na ufyonzaji wa nuru. Nanochembe ndogo za fedha huwa na kilele karibu na nanometa 400, na za dhahabu karibu na 520. Mchanganyiko wa chembe tofauti huonyesha vilele viwili. Aloi huonyesha kimoja kilicho kati yake, kama walivyobainisha Link, Wang na El-Sayed mwaka 1999. Hata hivyo, kilele kimoja hakitoshi, kwani ganda nene huweza kuficha kiini. Mtawanyo wa eksirei nao hausaidii sana: vipimo vya fuwele za fedha na dhahabu, nanometa 0.409 na 0.408, vinakaribiana mno. Ukaribu huohuo unaorahisisha kuungana kwa metali hizi ndio unaofanya iwe vigumu kuthibitisha muungano wenyewe. Kwa sababu hiyo, dai la aloi huhitaji hadubini ya elektroni inayochanganua elementi katika chembe mojamoja.