Kompyuta ya Mwanafunzi: Tuketi Kwanza Tuhesabu Gharama

Mwezi Septemba 2024 habari njema iliingia nyumbani kwetu Mikese. Binti yetu wa pili alikuwa amechaguliwa kusoma ualimu wa hisabati chuoni, mjini Morogoro. Tulimshukuru Mungu, tukachinja kuku, na majirani wakaja kutupongeza. Kabla sahani hazijaoshwa, binti alituletea karatasi. Alikuwa ameandika kitu kimoja tu: kompyuta mpakato, shilingi 1,400,000.

Nyumba ikawa kimya. Baba watoto alitazama nje, upande wa reli. Fedha yote tuliyokuwa tumeiweka, ya ufuta pamoja na mgawo wa kikoba, ilikuwa shilingi 700,000.

Tena tulikuwa na hofu. Mwaka uliotangulia, mama mmoja wa kwaya yetu aliuza mbuzi wanne akamnunulia mwanawe kompyuta iliyotumika. Baada ya wiki tano ilizima na haikuwaka tena. Aliyewauzia hakupokea simu. Kijana alimaliza muhula kwa kuazima za wenzake, na mama yule kwa muda mrefu hakuweza kulitaja jambo hilo bila machozi.

Akina mama wenzetu, wengi wetu tulimaliza shule bila kuigusa kompyuta. Hata taifa letu lilichelewa: mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na mlango ulifunguka polepole miaka ya baadaye. Kwa hiyo si aibu mama kusema, "Sijui." Hatari ni kulipa bila kuuliza. Usiku ule tulimkumbuka mtu wa Injili ya Luka anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Nasi tukaketi.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Tulimwuliza binti, "Mwanetu, kompyuta hii utaifanyia nini?" Tulimpa kalamu aandike. Akaandika: kuchapa kazi za chuo, kutengeneza majedwali ya hesabu, kusoma vitabu, kutazama masomo ya video. Basi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji mashine ya bei kubwa. Kama angekuwa anasoma uchoraji wa majengo au utengenezaji wa filamu, hesabu ingekuwa nyingine.

Swali la pili lilikuwa: mpakato au ya mezani? Mpakato hubebeka, nayo huendelea na betri yake umeme ukikatika. Lakini kwa fedha ileile, ya mezani hukupa nguvu zaidi. Tena kiungo kimoja kikiugua hubadilishwa hicho peke yake. Binti alikuwa amepata chumba cha kupanga Mazimbu, chenye mlango imara na mwenzake anayemwamini. Tukaamua: ya mezani, iliyotumika, kisha tubadilishe viungo vile vinavyofaa.

Hakufurahi. Alisema, "Mama, watanicheka." Tulimjibu kwamba kucheka kwa wenzake kutakwisha baada ya wiki moja, bali deni lingekaa mezani petu miaka miwili. Aliondoka kwenda kulala bila kuaga, na usiku ule tulijiuliza kama tumemkosea.

Viungo vya kompyuta kwa lugha ya wodini

Fundi mmoja, ndugu wa kanisani, alitufafanulia viungo, nasi tuliviweka katika lugha ya kazi yetu ya uuguzi ili tuvikumbuke.

Prosesa ni mikono ya muuguzi. Ndiyo inayofanya kazi. RAM ni trei ya vifaa. Trei ikiwa ndogo, muuguzi hukimbia stoo kila mara kufuata bandeji, na mgonjwa anangoja. Diski ni stoo yenyewe, mahali kazi zote hutunzwa. Pawa saplai ni moyo, husukuma umeme kwenda kila kiungo. Mazabodi ni mifupa na mishipa, huunganisha vyote.

Sasa sikilizeni siri ambayo wauzaji wengi hawaitangulizi. Kompyuta nyingi za zamani zinazosemwa "nzito" hazina ugonjwa wa mikono. Zina ugonjwa wa stoo na trei. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, nayo ni kama stoo iliyo upande wa pili wa uwanja. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, ni kama kabati lililo kando ya kitanda. Kubadilisha diski ya zamani kwa SSD huifanya mashine ya kale iwake na kufungua kazi kwa haraka sana. RAM nayo, kwa mwanafunzi wa kawaida, iwe GB 8. Ya GB 4 huwaka, lakini huchoka upesi.

Kuhusu prosesa, tazameni namba. Kwa zile za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni kizazi cha 8. Hili lina maana kubwa, kwa sababu Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi hupokea Intel kuanzia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha nyuma haitupwi. Inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure. Na kwa kuandika na kupiga majedwali ipo LibreOffice, nayo ni ya bure na halali. Programu za wizi mara nyingi huja na virusi, tena si mfano mwema kwa watoto wetu.

Dukani

Tulikwenda na binti mjini Morogoro siku ya Jumamosi. Kariakoo bei ingeweza kuwa chini kidogo, lakini tulitaka muuzaji tunayeweza kumrudia kwa nauli ya basi dogo.

Duka la kwanza, kijana alituonyesha mashine nyeusi inayong'aa. Alisema, "Mama, hii ina GB 8 na SSD, wala usiwe na wasiwasi." Zamani tungenyamaza, tungelipa. Safari hii tulimwambia, "Ahsante mwanangu. Tuwashie, kisha tufungulie ukurasa unaotaja RAM na diski." Alisita. Alipowasha, kioo kilionyesha GB 4 na diski ya zamani. Hatukugombana naye. Tulimwaga, tukatoka. Binti alitutazama kwa mshangao, kisha akashika mkono wetu.

Duka la pili muuzaji alikubali kila swali. Haya ndiyo tuliyoyakagua, nanyi mnaweza kuyakata na kuyaweka katika pochi:

Kwanza, iwashwe mbele yenu na ikae imewaka nusu saa. Sikilizeni feni, ikilia kama kinu, ulizeni. Chomekeni flashi katika kila tundu.

Pili, afungue kifuniko. RAM zina aina: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, maana kijino chake kiko mahali tofauti. Jueni aina kabla ya kununua ya kuongeza. Tazameni pia kama mazabodi ina alama za kuungua au vipipa vidogo vilivyovimba juu.

Tatu, angalieni nyuma, kwenye pawa saplai. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotoka nchi ya volti ndogo ikichomekwa hapa na swichi iko 115, pawa saplai huungua papo hapo.

Nne, ulizeni kama pawa saplai yake hupatikana. Kompyuta nyingi ndogo zilizotoka maofisini zina pawa saplai ya umbo lake zenyewe, na ile ya kawaida haiingii.

Tano, dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana kwa maandishi. Neno la mdomo halirudishi fedha.

Hesabu yetu ilikwenda hivi. Mashine ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 4, bila diski, 300,000. Kioo cha inchi 19 kilichotumika, 80,000. RAM ya kuongeza, 55,000. SSD ya GB 256, mpya, 60,000. Kibodi, kipanya na nyaya, 25,000. UPS ya VA 650, 130,000. Jumla shilingi 650,000. Zilizobaki 50,000 zilikuwa nauli na flashi ya kutunzia nakala.

Baba watoto alipoona bei ya UPS alitaka tuiache. Tulimsihi. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea. UPS hutoa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Heri kununua kioo kidogo kuliko kuikosa UPS.

Usalama nyumbani

Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, inayotunza saa ya mashine. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma, na mpya ni ya bei ndogo. Lakini sisi wauguzi tunawaomba sana: ile ya zamani isiachwe mezani. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Mkishuku mtoto ameimeza, msimtapishe; mkimbizeni hospitali mara moja, hata kama anacheza na kutabasamu.

Pawa saplai nayo isifunguliwe na mtu asiye fundi, maana hubaki na umeme hata ikichomolewa. Mkitaka kupangusa vumbi ndani ya mashine, izimeni, chomoeni waya, gusa kwanza chuma cha kasha, kisha tumieni brashi laini. Mashine isikae sakafuni, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi huziba feni.

Matokeo yake

Hatutawaficha: mashine haibebeki. Binti akiwa na kazi ya kikundi hutumia kompyuta za maktaba, na siku nyingine hurudi chumbani amechoka kwa kungoja zamu. Lakini muhula wa kwanza, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi yake kubwa, umeme ulikatika Mazimbu. UPS ikalia. Akahifadhi, akanakili kwenye flashi, akazima. Asubuhi alichapisha kazi yake na kuikabidhi kwa wakati. Alitupigia simu akiwa kazini kwetu foleni ya kliniki imejaa, akasema maneno mawili tu: "Ahsante, Mama."

Na waliomcheka? Wawili kati yao walikuja kuomba kuchapa kazi kwake.

Yule mama wa kwaya alitusikia tukisimulia. Jumamosi iliyofuata alileta mashine ya mwanawe iliyokufa, imefungwa kwa khanga. Fundi wetu aliifungua kwenye kibaraza cha kanisa. Kiungo kilichokufa kilikuwa kimoja: pawa saplai. Ilipowekwa nyingine, kioo kikawaka, na mama yule akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Mama mwenzetu, mwanao akikuletea karatasi ya kompyuta, usimfukuze kwa ukali, wala usikope kwa aibu. Mpe kalamu aandike kazi zake. Kisha nendeni dukani pamoja, na kabla hujafungua pochi, sema kwa sauti: "Mwanangu, tuwashie tuone."