Kamera 2, Jiandae: Mila za Studio ya Wanafunzi

Katika vyuo vya utangazaji vya Afrika Mashariki ipo jamii ndogo inayoundwa upya kila muhula na kutawanyika muhula ukiisha, ilhali mila zake hubaki. Ni jamii ya wanafunzi wanaojifunza kuongoza kipindi cha studio kwa kamera tatu au zaidi. Huingia wakiwa watu wa makabila, dini na rika tofauti. Baada ya wiki chache wana lugha yao, miiko yao, na cheo kimoja ambacho kila mmoja atakikalia na kila mmoja atakiacha: cheo cha mwongozaji.

Asili ya mila hizi iko mbali. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo yake ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, na tangu enzi hizo kazi ya studio ikawa ni kumpata mtu wa kuamua, papo kwa papo, picha ya kamera ipi imfikie mtazamaji. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata. Zanzibar ikaanza na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Chuo cha mawasiliano ya umma cha KIMC jijini Nairobi kilianzishwa mwaka 1961, yaani mafundi walianza kufundwa kabla televisheni yenyewe haijawaka nchini. Mitambo imebadilika mara nyingi tangu hapo. Namna ya kukaa, kusemezana na kukosoana haijabadilika sana.

Makazi ya jamii hii ni vyumba viwili. Cha kwanza ni ukumbi: taa zinaning'inia juu, kamera zimesimama kwenye miguu yake, mapambo ya kipindi yako upande mmoja, na nyaya zimetambaa sakafuni. Cha pili ni chumba cha kuongozea: giza kidogo, baridi ya kiyoyozi, safu ya monita ukutani, na saa kubwa ambayo hakuna anayeweza kujifanya hakuiona. Mwongozaji huketi katikati. Upande mmoja yupo fundi wa mikisa ya picha, ambaye vidole vyake ndivyo vinavyobadilisha picha. Upande wa pili yupo msaidizi anayeshika mswada na kuhesabu muda. Fundi wa sauti ana meza yake. Kule ukumbini wako wapiga picha, mwendesha prompta inayomwonyesha mtangazaji maneno ya kusoma, watu wa taa, wavuta nyaya, na meneja wa ukumbi anayewasimamia wote. Kinachounganisha vyumba viwili ni hedseti. Mwongozaji anaona kila kamera inachoona, lakini walio ukumbini hawamwoni. Wao wanamsikia tu.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba mkubwa wa jamii hii hagusi chochote. Hashiki kamera, habonyezi kitufe, hapandishi sauti. Chombo chake ni mdomo, na mila karibu zote za studio zimejengwa juu ya ukweli huo: zipo ili neno la mtu mmoja lifike kwenye mikono ya watu kumi kwa wakati, bila kugongana na neno lingine.

Hapo ndipo mwanafunzi wa kwetu hupata mtihani ambao vitabu vya ughaibuni havikuuwazia. Darasa moja huweza kuwa na kijana aliyetoka kidato cha sita juzi na mtumishi wa umma mwenye watoto wa umri wa kijana huyo. Nje ya studio kijana husema, "Shikamoo, mama," na akitaka kitu huanza na "naomba" au "samahani." Akishavaa hedseti anatakiwa kusema, "Kamera 3, shuka. Hapo hapo." Hakuna mama, hakuna kaka, hakuna naomba. Wengi hubabaika. Wapo wanaojaribu kurudisha adabu ya nyumbani, wakasema, "Mama, samahani, kama hutajali, naomba usogee kidogo kulia," na kabla sentensi haijafika kituoni mgeni wa kipindi ameshamaliza kujibu na picha iliyotakiwa imepita.

Wageni wakiwasikiliza hudhani heshima imeachwa mlangoni. Haikuachwa, imehamia kwenye muda. Katika studio, kumheshimu mtu ni kumwambia mapema. Kila amri hutanguliwa na tahadhari: "Kamera 3, jiandae," au kama wengi wanavyosema, "3, standibai," kisha ndipo "kata." Kati ya maneno hayo mpiga picha hutuliza mkono na kuthibitisha kuwa picha haina ukungu, na fundi wa mikisa huweka kidole tayari. Mwongozaji anayekata bila kutahadharisha humkamata mwenzake akiwa bado anatafuta picha, na aibu ya picha inayoyumba humpata mpiga picha mbele ya watazamaji wote. Huyo ndiye mkosefu wa adabu studioni, hata sauti yake iwe tamu kiasi gani. Na yule anayesema kwa mkato, lakini hakosi kutahadharisha, watu hufurahi kupangwa naye.

Utaratibu wa maneno nao una sababu zake. Kamera hutajwa kwanza, maelekezo baadaye, ili anayehusika atege sikio na wengine waendelee na yao. Ukisema "sogea karibu" kabla ya kutaja namba, kamera zote tatu zitasogea. Neno "kata" huwekwa mwisho kwa kuwa kidole cha fundi wa mikisa huondoka pamoja nalo. Ndiyo maana halitamkwi ovyo kwenye hedseti, hata kwa utani; kuna kidole kinalisubiri. Mfumo wa televisheni katika nchi zetu hupitisha picha 25 kwa sekunde, hivyo kuchelewa nusu sekunde ni kupoteza picha kumi na mbili hivi, na jicho la mtazamaji hulibaini hilo hata kama hajui amegundua nini.

Walio ukumbini nao wana namna yao ya kujibu. Mpiga picha aliyesimama hatua chache kutoka kwa mgeni hawezi kufungua mdomo, maana kipaza sauti kitamnasa. Akiulizwa swali, huijibisha kamera: huiinamisha na kuiinua kwa ndiyo, huizungusha kushoto na kulia kwa hapana. Mwongozaji hutazama monita na kuona picha nzima ikiitikia kwa kichwa. Desturi hii huwachekesha wanafunzi siku za mwanzo, kisha huizoea mpaka wakaifanya bila kufikiri. Sharti lake ni moja: taa nyekundu iliyo juu ya kamera iwe imezimwa. Taa hiyo ikiwaka, picha yako ndiyo iko hewani, na kusogea bila kuagizwa ni mwiko.

Meneja wa ukumbi huzungumza kwa mikono. Yeye ndiye mdomo wa mwongozaji mbele ya mtangazaji na wageni, na kwa kuwa hao hawakusomea lugha ya studio, hapa adabu ya kawaida hurudi: huwakaribisha, huwaonyesha pa kukaa, huwaambia wasijali taa. Kipindi kikianza hunyamaza. Huhesabu kwa sauti kutoka kumi, na zikibaki tatu hutumia vidole tu, kwa sababu vipaza sauti vimeshafunguliwa. Kuvuta viganja vikaachana ni kumwambia mtangazaji arefushe. Kuzungusha kidole hewani ni kumwambia afunge maneno. Kupitisha mkono shingoni ni mwisho. Mtangazaji mzuri hujifunza kuziona ishara hizo bila kuonekana akizitazama.

Miiko mingine ni ya kila siku. Hakuna chakula wala kinywaji karibu na mitambo. Hakuna kupita mbele ya lenzi. Wafanyakazi wa ukumbini huvaa nguo za rangi nyeusi au zisizong'aa, na mgeni huombwa mapema asivae mistari myembamba iliyobanana, kwa kuwa kamera huifanya icheze na kumetameta. Na hakuna kuzungumzia kosa lililokwishatokea. Picha ikikatwa vibaya, mwongozaji haulizi nani alifanya nini. Picha inayofuata tayari imekaribia. Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo: ni wachache wanaoutekeleza msemo huo kwa ukamilifu kama watu wa studio katikati ya kipindi.

Kabla ya siku ya kurekodi, mwongozaji huandaa karatasi zake. Huchora ramani ya ukumbi kwa kipimo, mara nyingi sentimita 2 kwa kila mita 1, akaweka viti, meza na kila kamera ilipo. Kwa mahojiano ya watu wawili, mpangilio wa kawaida ni kuzipishanisha: kamera ya kushoto humtazama aliyeketi kulia, ya kulia humtazama aliyeketi kushoto, na ya kati hubeba picha pana. Kamera zote hubaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaopita kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mgeni. Kamera ikivuka mstari huo, watu wawili wanaozungumza wataonekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba wamenuniana. Aliyekua akitazama kipindi cha vichekesho Vioja Mahakamani cha kituo cha KBC nchini Kenya aliliona somo hili bila kufundishwa: kila mhusika wa mahakama ana mahali pake, macho yao yanakutana, na mtazamaji hapotei hata siku moja.

Baada ya ramani huja mswada wa kamera. Kila picha hupewa namba, na kila mpiga picha hupata kadi yenye picha zake peke yake. Msaidizi husoma namba hizo kwa sauti kipindi kikiendelea, huku akihesabu muda kinyumenyume. Studio haiulizi tumetumia dakika ngapi. Inauliza zimebaki ngapi. Mazoea hayo yanatokana na vituo vyenyewe: taarifa ya habari ya Kiswahili nchini Kenya husubiriwa saa moja jioni, na kipindi kinachoitangulia hakina ruhusa ya kuila hata sekunde.

Muziki ndio unaopima kama mwongozaji ameiva. Katika mahojiano unaweza kumsubiri mtu avute pumzi ndipo ukate, muziki haukusubiri. Mwanafunzi husikiliza wimbo mapema, akahesabu mapigo, akaandika beti, kiitikio na mahali ala zinapotawala. Lakini akichagua taarabu, hesabu peke yake haitamtosha. Wenzake walioalikwa kuwa hadhira watafanya kama wafanyavyo kwenye kumbi za taarabu: mmoja atainuka na noti mkononi, atajongea kwa madaha, na kwenda kumtunza mwimbaji, huku mgongo wake ukiziba kamera ya kati. Mwongozaji anayeijua taarabu hawakatazi kuinuka, kwani kutunza ni sehemu ya muziki wenyewe. Huweka kamera moja pembeni, haina namba kwenye mswada, kazi yake ni kungoja. Ni mfano mzuri wa mila mbili kukutana, ya studio na ya pwani, na ya studio ikajifunza kupisha.

Cheo cha mwongozaji hupokezanwa kwa zamu. Leo unaongoza, kesho unavuta nyaya, keshokutwa uko kwenye prompta. Hakuna anayekaa kitini kabla hajapita katika kazi nyingine, na sababu si nidhamu tu. Aliyewahi kushika kamera nzito huku akiagizwa mambo mawili kwa pumzi moja hatamfanyia mwenzake hivyo. Aliyewahi kusimama mbele ya mtangazaji mwenye hofu bila kujua kinachoendelea chumba cha pili atakumbuka kumpa taarifa meneja wa ukumbi. Zamu humfundisha mtu kuagiza akiwa anajua ladha ya kuagizwa.

Kipindi kikiisha, hakuna anayeondoka mpaka ihakikishwe kuwa rekodi imeingia. Ndipo mwongozaji huwashukuru wote kupitia hedseti, naye meneja wa ukumbi akaifikisha shukrani kwa waliokuwa mbele ya kamera. Kisha nyaya hukusanywa, mzunguko mmoja kwa juu na mwingine kwa chini ili zisijipinde ndani, na mwongozaji wa siku hukusanya pamoja na wenzake. Makosa yaliyonyamaziwa sasa hupata nafasi: kazi huonyeshwa mbele ya darasa na kila mtu husema alichokiona.

Leo jamii hii ina ndugu wengi nje ya vyuo. Ibada za makanisani, harusi na mikutano hurushwa mubashara na vijana wenye kamera mbili tatu na kompyuta yenye programu kama vMix au OBS. Huko mtu mmoja huongoza na kubonyeza mwenyewe. Ni unafuu mkubwa wa gharama, na vijana wengi hupata hapo mazoezi ambayo chuo hakina muda wa kuwapa. Lakini anayebonyeza mwenyewe hugundua upesi kuwa hana haja ya kusema "kata," na muda si mrefu huacha pia kusema "jiandae." Wapiga picha wake hubaki kutazama taa nyekundu ikiwaka ghafla, na kwa hofu ya kukamatwa vibaya huacha kutafuta picha mpya. Kipindi kinakuwa salama na kinachosha.

Kwa hiyo vyuo vina sababu ya kuendelea kutenganisha kiti cha mwongozaji na kile cha fundi wa mikisa, hata pale kompyuta moja ingetosha kwa vyote viwili. Mwanafunzi aliyelazimika kupitisha kila uamuzi mdomoni mwake hujizoeza kufikiri sekunde tatu mbele ya wenzake na kuwagawia sekunde hizo. Akienda baadaye kufanya kazi peke yake na kompyuta, aendelee kusema kwa sauti. Mpiga picha anayemtahadharisha leo ndiye atakayeketi kitini muhula ujao, naye ataongoza kama alivyoongozwa.